Istilahi za sarafu

Istilahi za sarafu ni maneno yanayotumika kutaja sehemu za sarafu, jinsi ilivyotengenezwa, metali iliyomo, hali yake na thamani yake. Ni sehemu ya numismatiki, yaani elimu ya sarafu, noti na medali. Kwa mkusanyaji anayeanza, istilahi hizi ndizo zinazomwezesha kusoma orodha ya sarafu, kueleza alichonacho na kutofautisha sarafu halisi na ya bandia.

Makala hii inaeleza istilahi za msingi kwa kutumia sarafu zilizowahi kutumika Tanzania na Afrika Mashariki, hasa sarafu ya dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, katika Iramba (leo Mkoa wa Singida), ambayo kijiolojia ni sehemu ya eneo lilelile la dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria linalojumuisha Geita, Kahama na Nzega.

Katika mikoa ya Geita na Shinyanga maneno kama karati, gramu na wakia ni ya kila siku, kwa sababu ya machimbo makubwa kama Geita na Bulyanhulu na ya wachimbaji wadogo wengi. Lakini mizani hupima metali tu. Sarafu ina thamani nyingine ambayo haionekani kwenye mizani, na asiyejua istilahi zake anaweza kuiuza au kuiyeyusha kama dhahabu chakavu.

Sarafu ya mfano: rupia 15 ya Tabora

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani lilizuiwa na manowari za Uingereza lisipate bidhaa kutoka Ulaya. Sarafu zilizokuwa zikitoka Berlin na Hamburg hazikufika tena. Mwaka 1916 serikali ya kikoloni ilianza kutengeneza sarafu zake mjini Tabora, katika karakana ya reli. Zilitolewa sarafu za hela 5 na hela 20 za shaba au shaba ya njano, pamoja na rupia 15 ya dhahabu. Kazi hiyo ilikwisha mwaka huohuo, kwa kuwa majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora mwezi Septemba 1916.

Rupia 15 ya Tabora ina uzito wa gramu 7.168 na kipenyo cha takriban milimita 22. Upande mmoja una tai wa Dola la Ujerumani na maandishi "DEUTSCH OSTAFRIKA" na "15 RUPIEN". Upande wa pili una tembo, milima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T.

Sehemu za sarafu

Kila sarafu ina pande mbili bapa na ukingo unaoizunguka. Sehemu zake kuu ni hizi:

* Upande wa mbele ni upande wenye alama ya mamlaka iliyotoa sarafu, kama vile kichwa cha mtawala au nembo ya taifa. Kwenye sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, upande huu una sura ya Mwalimu Julius Nyerere. Kwenye rupia ya Tabora ni upande wa tai.
* Upande wa nyuma ni upande wa pili, ambao mara nyingi huwa na picha na thamani. Sarafu za mwaka 1966 zina samaki (senti 5), mbuni (senti 20), sungura (senti 50) na mkono ulioshika mwenge wa uhuru (shilingi 1).
* Picha kuu ni mchoro ulioinuka juu ya uso wa sarafu, kama tembo wa Tabora.
* Uwanja ni sehemu tupu na bapa kati ya picha na maandishi. Mikwaruzo huonekana kwanza hapa.
* Maandishi ni maneno yote yaliyopigwa juu ya sarafu: jina la nchi, la mtawala na la thamani.
* Mdomo ni duara lililoinuka kidogo pembezoni mwa kila upande. Kazi yake ni kulinda picha isisagike na kuwezesha sarafu kupangwa moja juu ya nyingine.
* Ukingo ni unene wa sarafu, yaani sehemu inayoonekana ikiwa sarafu imesimamishwa wima. Ukingo unaweza kuwa laini, wenye meno au wenye maandishi. Wanaoanza mara nyingi huchanganya mdomo na ukingo.
* Mwaka ni tarehe iliyoandikwa juu ya sarafu.
* Alama ya karakana ni herufi au ishara ndogo inayoonyesha mahali sarafu ilipotengenezwa.

Umbo pia ni sehemu ya maelezo. Senti 5 ya Tanzania ina pembe 12 na shilingi 5 ya mwaka 1971 ina pembe 10, lakini shilingi 50 inayotumika sasa ina pembe 7. Senti 10 ya mwaka 1977 ina ukingo wa mawimbi. Sarafu nyingi za senti 1, 5 na 10 za enzi za Waingereza zina tundu katikati, vilevile hela 10 ya Wajerumani iliyotolewa kuanzia mwaka 1908.

Mwaka na alama ya karakana

Alama ya karakana ni ndogo lakini inaweza kubadilisha kabisa utambulisho wa sarafu. Kwenye sarafu za Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, A ni Berlin, J ni Hamburg na T ni Tabora. Kwenye sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, H ni karakana ya Heaton mjini Birmingham, KN ni Kings Norton na SA ni Pretoria. Sarafu isiyo na herufi nayo ina mahali pake pa kutengenezwa; orodha za sarafu huonyesha ni wapi.

Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa. Mfano unaojulikana zaidi ni riale ya fedha ya Maria Theresa wa Austria, iliyotumika Zanzibar na katika biashara ya misafara ya bara. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zote zilizotengenezwa baada yake ziliendelea kuandikwa 1780.

Sarafu nyingine hutumia kalenda ya Kiislamu. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye picha ya mizani, imeandikwa mwaka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, ambao ni mwaka 1882 hivi wa kalenda ya kawaida. Asiyejua jambo hili anaweza kudhani ameshika sarafu ya karne ya 13.

Mwaka na jina la mtawala pamoja hueleza historia. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zipo zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa rasmi. Hata hivyo si adimu sana, kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi.

Jinsi sarafu inavyotengenezwa

Kisahani ni kipande cha metali kilichokatwa kwa ukubwa wa sarafu kabla ya kupigwa chapa.

Mhuri ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume, kama kwenye kioo. Kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili, na kwa mgandamizo mkubwa picha huhamia juu yake. Tendo hilo huitwa kupiga chapa. Sarafu iliyopigwa chapa ni tofauti na iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu sarafu nyingi za bandia zimemiminwa.

Idadi ya utengenezaji ni jumla ya sarafu za aina moja zilizopigwa kwa mwaka na karakana fulani.

Aina ndogo ni tofauti inayotokea mhuri unapobadilishwa. Rupia 15 ya Tabora ina aina ndogo mbili. Katika moja, pambo la upande wa kulia linaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika nyingine linaishia chini ya A ya kwanza. Orodha za sarafu hutaja vipande 9,803 vya aina ya kwanza na 6,395 vya aina ya pili, jumla 16,198.

Kosa la chapa ni kasoro iliyotokea karakanani, kama vile picha iliyopigwa kando ya kisahani. Sarafu iliyopondwa, kutobolewa au kukatwa baada ya kutoka karakanani haihesabiwi kuwa na kosa la chapa. Hiyo ni sarafu iliyoharibika.

Metali, usafi na karati

Sarafu chache sana ni za metali safi. Nyingi ni za aloi, yaani mchanganyiko wa metali mbili au zaidi. Shaba ikichanganywa na zinki hutoa shaba ya njano. Ikichanganywa na bati hutoa bronzi. Ikichanganywa na nikeli hutoa aloi nyeupe inayofanana na fedha. Siku hizi sarafu nyingi ni za chuma kilichofunikwa kwa metali nyingine. Shilingi 500 ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni ya chuma kilichofunikwa kwa nikeli.

Usafi ni kiasi cha metali ya thamani katika aloi. Huandikwa kwa sehemu kwa elfu moja au kwa karati. Dhahabu safi ni karati 24. Dhahabu ya karati 22 ina takriban sehemu 917 kwa 1000, ya karati 18 ina sehemu 750 kwa 1000. Rupia ya Tabora ni ya 750, yaani karati 18.

Uzito wa jumla ni uzito wa sarafu nzima. Uzito safi ni uzito wa metali ya thamani peke yake, na hupatikana kwa kuzidisha uzito wa jumla kwa usafi. Kwa rupia ya Tabora: 7.168 × 0.750 = gramu 5.376 za dhahabu safi.

Wakia ya dhahabu ni takriban gramu 31.1, si gramu 28.35 kama wakia ya kawaida ya bidhaa nyingine. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ina wakia moja ya dhahabu safi, lakini uzito wake wa jumla ni gramu 33.93, kwa sababu ni ya karati 22.

Usafi wa fedha hupimwa vivyo hivyo. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka 1921 hadi 1946 ina sehemu 250 tu za fedha kwa 1000. Kuanzia mwaka 1948 ilitengenezwa kwa shaba na nikeli bila fedha yoyote. Shilingi mbili zinazofanana machoni, zote zenye picha ya simba, zinaweza hivyo kuwa za metali tofauti, na mwaka ndio unaozitenganisha.

Thamani tatu za sarafu moja

Istilahi tatu za thamani ndizo ambazo kuzichanganya huleta hasara kubwa zaidi.

1. Thamani ya uso ni ile iliyoandikwa juu ya sarafu na kutambuliwa kisheria ilipokuwa ikitumika.
2. Thamani ya metali ni bei ya metali iliyomo kama ingeyeyushwa.
3. Thamani ya mkusanyaji ni bei ambayo wakusanyaji wako tayari kulipa. Hutegemea idadi iliyobaki, hali ya sarafu na wingi wa wanaoitafuta.

Tangu mwanzo rupia ya Tabora ilionyesha tofauti kati ya thamani mbili za kwanza. Kisheria rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Sarafu ya dhahabu ya mark 20 ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu safi, uzito uleule ambao rupia ya Tabora inao kwa jumla. Lakini kwa kuwa ni ya karati 18, rupia ya Tabora ilikuwa na robo tatu tu ya dhahabu hiyo. Aliyeipokea aliamini thamani iliyoandikwa, si dhahabu peke yake.

Leo thamani ya uso haipo tena, kwa kuwa rupia hiyo haitumiki. Mnunuzi wa dhahabu ataihesabu kuwa gramu 5.376 za dhahabu safi. Mkusanyaji ataihesabu kuwa mojawapo ya vipande 16,198 vilivyopigwa, na kwa kawaida bei yake huwa mara kadhaa ya bei ya dhahabu. Ikiyeyushwa, dhahabu hubaki yote, ila thamani ya tatu hupotea na haiwezi kurudishwa.

Kinyume chake pia ni kweli: uzee peke yake hauleti bei. Senti 10 za tundu za miaka ya 1940 na 1950 bado ni nyingi, na nyingi kati yake zina bei ndogo.

Aina za sarafu kwa matumizi

* Sarafu ya mzunguko hutolewa kwa ajili ya manunuzi ya kila siku.
* Sarafu ya ukumbusho hutolewa kwa tukio au jambo maalumu. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa mfululizo wa uhifadhi wa wanyama: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma.
* Sarafu ya uwekezaji hununuliwa kwa ajili ya metali yake, kama Krugerrand.
* Sarafu ya dharura hutolewa wakati wa vita au upungufu, kama zile za Tabora.
* Nakala hutengenezwa kwa maonyesho au mapambo bila nia ya kudanganya.
* Sarafu ya bandia hutengenezwa kwa nia ya kudanganya, ama wafanyabiashara, ama wakusanyaji.

Hali ya sarafu

Hali ni kiwango ambacho sarafu imetunzika tangu ilipopigwa. Sarafu isiyotumika haijawahi kupita mikononi mwa watu sokoni na haina dalili ya kusagika. Sarafu iliyotumika imesagika sehemu zilizoinuka, kama vile nywele za mtawala au paji la uso la tembo. Sarafu iliyochakaa husomeka kwa shida. Katika biashara ya kimataifa hutumiwa sana kipimo cha Sheldon, chenye alama 1 hadi 70. Alama 60 na kuendelea ni za sarafu zisizotumika.

Rangi ya umri ni utando mwembamba unaojitokeza juu ya shaba na fedha kwa miaka mingi. Utando huo hukinga metali iliyo chini yake, na wakusanyaji huuona kuwa ushahidi wa uhalisi. Kusugua sarafu kwa mchanga, majivu, ndimu au dawa ya meno huondoa utando huo pamoja na sehemu ndogo ya picha. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa, lakini bei yake hushuka.

Kutambua sarafu ya bandia

Rupia 15 ya Tabora imeigwa mara nyingi. Istilahi zilizotajwa juu ndizo zinazotumika kuichunguza:

* Uzito na kipenyo. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, lakini shaba ya njano ina gramu 8.5 hivi. Kwa hiyo sarafu ya shaba ya njano yenye ukubwa uleule huwa nyepesi mno, na ikiongezwa uzito lazima iwe nene au pana zaidi.
* Sumaku. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Sarafu "ya dhahabu" inayonasa kwenye sumaku ina chuma ndani. Lakini kutonasa si uthibitisho, kwa kuwa shaba ya njano nayo hainasi.
* Ukingo na uwanja. Sarafu iliyomiminwa mara nyingi ina mshono ukingoni, vitundu vidogo uwanjani na herufi zenye kona butu.
* Maandishi na alama. Herufi T, mwisho wa pambo na umbo la tembo hulinganishwa na picha za sarafu iliyothibitishwa.

Kukwaruza sarafu kwenye jiwe la kupimia dhahabu au kuitia tindikali huonyesha usafi, lakini huacha alama ya kudumu. Kipimo hicho kinafaa kwa dhahabu ghafi, si kwa sarafu ya mkusanyo.

Utunzaji na sheria

Sarafu hushikwa kwa ukingo wake, si kwa kuweka vidole juu ya uwanja, kwa kuwa jasho huacha alama. Huwekwa kila moja katika bahasha ya karatasi au mfuko wa plastiki usio na kemikali, mahali pakavu. Kila sarafu huandikiwa nchi, thamani, mwaka, alama ya karakana, metali, uzito, hali na mahali ilipopatikana. Maelezo ya mahali ni muhimu hasa kwa sarafu iliyotoka ardhini, kwani husaidia kujua njia za biashara za zamani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo katika kundi hilo. Anayekuta sarafu za namna hiyo anapochimba anatakiwa kuziripoti kwa mamlaka, si kuzisafisha wala kuziuza.

Majina ya sarafu katika Kiswahili

Maneno kadhaa ya Kiswahili ya kutaja fedha kwa jumla yalianza kama majina ya sarafu au metali. "Hela" linatokana na Heller, sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, ambapo hela 100 zilikuwa rupia 1. "Pesa" ilikuwa sarafu ya shaba yenye asili ya Uhindi. Kabla ya hela, pesa 64 zilikuwa rupia 1. "Fedha" ni jina la metali yenyewe. "Thumuni" lilibaki likimaanisha senti 50. Sarafu ya shilingi 5 iliitwa "dala" mitaani, na kutokana na nauli hiyo huelezwa asili ya jina daladala.

Hela yenyewe haijatumika sokoni tangu enzi za Wajerumani, lakini jina lake bado hutajwa kila siku katika masoko ya Geita, Kahama na Shinyanga.